Mapovu ya Mkono wa Kushoto

Daktari hakuzunguka maneno. Alimwambia Selpha kwamba mama yake ana kilo thelathini na nane, na kwamba dawa za saratani zikiingia mwili wa kilo thelathini na nane zitaumaliza mwili kabla ya kuumaliza ugonjwa. Afikishe arobaini kwanza. Akaandika tarehe kwenye kadi ya kliniki, wiki tano mbele, akasema asipofikisha siku hiyo itabidi arudi nyumbani Chwele akapumzike. Selpha alielewa vizuri neno kupumzika lina maana gani likitoka kwa daktari.

Kilo mbili tu. Kuna watu hapa Eldoret wanaongeza kilo mbili kwa arusi moja, kisha wanamlaumu fundi wa nguo. Lakini Nabalayo, mama yake Selpha, alikuwa na uvimbe kwenye umio. Uji ukiingia ulirudi. Ndizi ya kuponda ilirudi. Supu aliigeuzia uso kabla kijiko hakijafika. Maziwa alimeza vijiko vitatu, vinne, akasukuma kikombe. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, aliyelima mahindi maisha yake yote, akazaa saba na kuzika wawili, na sasa alikuwa anashindwa na kijiko.

Na mtu aliyezibeba zile kilo mbili kifuani kuliko wote ni mtu ambaye hakuruhusiwa hata kumtazama mgonjwa usoni. Huyo ni Mabonga, mume wa Selpha.

Waliozaliwa mjini huyacheka mambo haya, na wacha wacheke. Nabalayo alilelewa akijua kwamba mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Mama hali mezani kwa mkwe, halali chini ya paa lake, na kitu kilichopikwa kwa mkono wa mkwe hakishuki kooni mwake. Chakula cha binti yake ni sawa, mradi aletewe nje ya nyumba ile. Ukivunja, alifundishwa, anayelipa si wewe wala mkwe wako. Wanaolipa ni watoto walio katikati. Mabonga alikuwa na miaka kumi na miwili katika ndoa, na mama mkwe wake alimjua kwa sauti tu, nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo Nabalayo alipoletwa Eldoret kwa matibabu hakulala kwa binti yake, ambaye alikuwa na vyumba viwili na kitanda cha ziada. Alilala kwa Awuor, milango miwili mbele, kwenye ploti ile ile ya Langas. Awuor alikuwa mjane kutoka upande wa Homa Bay, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Alipoelezwa kwamba mgonjwa hawezi kulala kwa binti yake kwa sababu binti ana mume, alicheka sana, kisha akaenda kutandika kitanda. Kila Mabonga aliporudi nyumbani alikohoa getini mara mbili, ili mama mkwe wake apate nafasi ya kuingia ndani au kujifunika leso. Ndipo alipopita upande wa tangi la maji, macho chini, hadi mlangoni kwake.

Kazi yake ilikuwa kuoka. Alikuwa amefanya miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha mikate kilichofungwa, na sasa alioka keki za arusi na za siku za kuzaliwa katika kile chumba cha pili, kwenye oveni ya gesi aliyoinunua mitumba. Alikuwa na mkono mzuri, na mkono huo ulikuwa wa kushoto. Kiwandani, alipokamua krimu juu ya keki na kuinua mfuko, mkia wa krimu ulilala upande wa kushoto, wakati wenzake wote mikia yao ililala kulia. Msimamizi alizijua trei za Mabonga bila kuuliza, na walimtania kwamba hata krimu yake haijui adabu.

Mwishoni mwa Juni alipata kazi ya keki ya arusi mtaa wa Kapsoya. Shangazi wa bibi arusi alikuwa ametoka ng'ambo, akamletea pakiti mbili za stroberi zilizokaushwa kwa baridi, zile zinazogandishwa kwanza, kisha maji yote yakatolewa na tunda likabaki na umbo lake na rangi yake. Shangazi alitaka krimu iwe ya pinki, na alijua kwamba stroberi mbichi huilegeza. Mabonga hakuwa amewahi kuzishika. Hazikuwa na uzito. Ukiitia moja mdomoni inavunjika kama biskuti, halafu mate yakiikuta inarudi kuwa stroberi nzima, chachu kabisa, hadi taya zinashtuka. Keki ilitumia pakiti moja. Shangazi alimwachia ya pili.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amebakiwa na ute wa mayai kwenye bakuli. Aliupiga na sukari mpaka ukasimama, akatia unga wa stroberi, akakamua vilima vidogo vyenye mkia kwenye trei na kuviacha kwenye moto mdogo kwa saa mbili, mlango wa oveni ukiwa wazi kidogo. Selpha alikuwa akiviita mapovu. Mabonga alitia moja mdomoni akiwa anafikiria jambo lingine. Hakutafuna. Liliisha lenyewe ulimini, likaacha uchachu na mate mengi, na mate yale yakashuka.

Alisimama pale na trei mkononi. Kisha akamwita mke wake.

Walisaga stroberi nyingine, na safari hii Mabonga aliuchekecha ule unga mara tatu kwa chujio la chai, kusudi isibaki hata mbegu moja ya kumkwaruza mgonjwa. Alipomaliza, Selpha alisema jambo ambalo wote wawili walikuwa wanalijua.

"Nikimwambia ni wewe, hatafungua mdomo."

Wakasema ni Awuor. Awuor mwenyewe alishangaa, akawauliza kama wamewahi kuona chapati zake, lakini alikubali. Selpha alibeba sahani, akamwekea mama yake moja ulimini. Nabalayo alifumba macho. Walisubiri lirudi. Halikurudi. Mate yalimjia, akameza, akapewa maziwa, na maziwa yakafuata njia ile ile kikombe kizima. Akaomba lingine. Selpha alirudi nyumbani akakaa kwenye gunia la unga, akalia hadi Mabonga akafikiri mama amekufa.

Hizo ndizo siku nzuri, na mimi sitazirefusha kuliko zilivyokuwa. Kila siku Mabonga alioka mapovu kumi na mawili. Kila Jumamosi Selpha alimshika mama yake mkono wakaenda polepole hadi duka la dawa la kona, lenye mizani ya kusimama. Thelathini na nane na nusu. Thelathini na tisa na robo. Mabonga alisubiri dirishani, na Selpha, akipita na mama yake, alimwonyesha namba kwa vidole nyuma ya mgongo. Mabonga alifurahi kama mtu aliyejenga nyumba. Zaidi ya hilo, na hili hakumwambia mtu, alifurahi kwamba ni mkono wake. Miaka kumi na miwili alikuwa amekohoa getini kama mgeni, na sasa kulikuwa na mtu nyuma ya ukuta anayeishi kwa kazi ya mkono wake.

Nabalayo naye hakuwa mtu wa kula cha mtu bila shukrani. Alimpa Awuor leso yake mpya. Kisha akaomba aone hayo matunda ya ajabu, kabla hajafa, alivyosema, akitabasamu. Kwa hiyo Selpha akahamisha pakiti, ikakaa kwa Awuor kwenye kabati la vyombo, na Mabonga akawa anapelekewa kiasi cha siku hiyo kwenye kikombe. Alimwambia Selpha amwambie Awuor aifunge vizuri kila mara. Hakwenda kumweleza mwenyewe kwa nini, maana mama mkwe alikuwa kwenye chumba hicho.

Julai ilileta mvua na baridi inayoingia hadi kwenye magodoro. Nekoye, binti yao wa miaka saba, alianza kukohoa, na watoto wengine wa ploti vilevile.

Siku ya kumi na saba ya mapovu, jua lilijitokeza kidogo asubuhi. Awuor alifungua pakiti akakuta stroberi zimeanza kulegea. Sasa, Awuor ameishi kwa kuanika. Amekulia kando ya ziwa, amesomesha watoto wawili kwa samaki waliokaushwa juani, na kwake kitu kikilegea kwa unyevu dawa yake ni moja. Alitandaza stroberi zote kwenye ungo, akauweka barazani kando ya omena, akaketi na mgonjwa wake kuota jua. Ulikuwa ni wema mtupu. Lakini tunda lililonyang'anywa maji yake yote lina kiu isiyokwisha. Linayanywa maji hewani, na harufu pia linainywa. Kabla ya saa sita zilikuwa zimenata ungoni kama raba, zinanuka ziwa zima.

Mabonga alikuwa ametoka kupeleka keki mtaa wa Pioneer. Alipofika getini aliuona ungo. Hakukohoa. Alivuka uwanja mbio, akaunyakua ungo, akashika stroberi moja ikamnata kwenye vidole.

"Awuor, hizi hazianikwangi! Nilisema zifungwe. Sasa nitamtengenezea nini?"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Nabalayo alikuwa kwenye kigoda, hatua tatu kutoka kwake, leso begani, kichwa wazi. Kwa mara ya kwanza maishani mwao walitazamana. Mabonga aliona mwanamke mdogo kuliko alivyofikiria, mwenye macho ya Selpha. Kisha mama aliinua leso akajifunika uso mzima, akashika ukuta, akaingia ndani.

Jioni Selpha alirudi kutoka kwa Awuor akamwambia kwamba mama anamwita. Aende asimame nje ya mlango, mgongo kwa mlango. Mabonga alisimama barazani, akitazama tangi la maji.

"Baba Nekoye, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Usigeuke."

"Sijageuka."

"Hiyo kitu tamu ni mkono wako?"

Angeweza kukana. Alichoka kukana.

"Ni mkono wangu."

Nekoye alisikika akikohoa milango miwili nyuma.

"Ilikuwa tamu," mama alisema. "Mungu anajua ilikuwa tamu. Lakini umesikia huyo mtoto? Ameanza kukohoa tangu nianze kula. Dada yangu alikula kwa mkwe wake wakati wa njaa, na akazika mjukuu. Sitaki kilo za kulipiwa na Nekoye."

"Ni baridi, mama. Watoto wote wa ploti wanakohoa."

"Hao wengine hawana nyanya anayekula kwa mkwe."

Mabonga alikuwa na mengi ya kusema. Angemwambia juu ya kadi ya kliniki, na juu ya Selpha aliyekaa kwenye gunia la unga. Angegeuka, aingie, apige magoti, amwambie mama, nitazame, mimi ni mtoto wako. Alijua kwamba maneno ya namna hiyo hayasemwi na mgongo. Hakugeuka. Alisema asante mama, akarudi nyumbani, akawa na hasira na kila mtu, na zaidi na miguu yake.

Selpha aliamua kuoka mwenyewe. Awuor, ambaye tangu siku ile alikuwa akitembea kichwa chini, alizunguka maduka makubwa ya mjini siku nzima hadi akapata pakiti moja ndogo, akainunua pamoja na mayai, kusudi kisiwepo cha Mabonga hata kimoja. Waliazima oveni ya jirani wa upande wa pili. Mabonga alisimama nje ya dirisha, mikono ameifunga nyuma, akimwelekeza mkewe. Piga taratibu. Usitie sukari yote. Sasa haraka. Usisimame. Lakini mkono ni miaka, haufundishwi dirishani. Ute ulianguka ukawa maji. Mara ya pili ulisimama, ukaungua. Mara ya tatu mapovu yalitoka magumu, Nabalayo akajaribu moja kwa sababu ni la binti yake, likamkwama, wakampiga mgongo hadi akatapika damu kidogo. Jumamosi hiyo mizani ilisema thelathini na nane. Zilibaki siku tisa, na unga wa stroberi wa mara moja.

Ndipo wakafanya walichofanya. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Selpha aliweka bakuli mezani akatoka nje, na Mabonga akanawa mikono.

Hakuwahi kuoka vizuri namna ile. Kumi na mawili, laini, meupe yenye pinki kwa mbali. Selpha aliyafunika akayapeleka, akamwambia mama yake kwamba safari hii amefaulu. Nabalayo aliinua moja akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, akalitazama sana. Akasema, "Umejifunza vizuri, mwanangu." Akaomba aachiwe sahani, atakula polepole, akiangaliwa anashindwa. Jioni sahani ilikuwa tupu. Selpha alirudi akicheka, na usiku huo Mabonga alilala.

Siku ya kliniki mizani ya hospitali ilisema thelathini na sita na nusu. Daktari aliangalia kadi, akamwangalia mama, akamwita Selpha pembeni. Hawakuelewa. Amekula, Selpha alikuwa akisema, sahani ilikuwa tupu, nimeiona mwenyewe. Daktari alisema ugonjwa ukifika pale chakula hakisaidii tena. Wakaliamini hilo kwa sababu lilikuwa jepesi kubeba. Selpha alimpeleka mama yake Chwele, akabaki naye huko. Mwanzoni mwa Agosti mawingu yalifunguka, na kikohozi cha Nekoye kikaisha chenyewe. Mabonga hakupenda kulifikiria hilo.

Siku ya kumi na moja tangu waende Chwele, Selpha alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema mama amepumzika, na kwamba gauni lake la kanisani, atakalozikwa nalo, lilibaki kwa Awuor kwenye begi chini ya kitanda. Mabonga alilete.

Alipofika kwenye mlango wa Awuor alikohoa, kabla hajakumbuka kwamba hakuna tena wa kumkoholea. Awuor alikuwa amekwenda sokoni, ufunguo ameuacha juu ya mlango. Mabonga aliingia kwa mara ya kwanza katika chumba kile, akapiga magoti, akavuta begi. Gauni lilikuwa juu, la samawati, limekunjwa vizuri. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha mkono kilichofungwa fundo.

Alikifungua. Yalikuwa mapovu. Unyevu wa Julai ulikuwa umeyalegeza yakashikana, lakini yalijulikana bado, na mikia yote ilikuwa imelala upande wa kushoto. Ndipo akaelewa alichokuwa akikitazama mama kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa amekula mikia ile siku kumi na saba, akaizoea, halafu akaletewa ile ile, akaambiwa ni ya Selpha. Hakumwaibisha binti yake. Alisema umejifunza vizuri, akayafunga kwenye kitambaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa chakula.

Mabonga aliyahesabu. Alifika kumi na mawili, akaanza tena, si kwa kushuku hesabu, bali kwa sababu lile la mwisho, lililokuwa chini kabisa, halikuwa na mkia. Lilikuwa limeng'atwa ncha. Alama ya meno ilikuwa pale, ndogo, ya mbele.

Alikaa sakafuni kwa Awuor na kitambaa mapajani. Hakujua ni siku gani aliling'ata, kabla ya kliniki au asubuhi ya kuondoka. Hakujua kama kionjo kile kilimfariji, au kama alikwenda nacho Chwele akamsikiliza Nekoye kwenye simu kila jioni, akiogopa. Hakuna wa kumuuliza, na hata angekuwepo, Mabonga angemuuliza akiwa amempa mgongo.

Alifunga kitambaa, fundo lile lile. Akalikunjua gauni aone kama limepigwa pasi, akalikunja tena, akalitia begini, kisha akatoka kwenda kumtafuta mtu wa kumwachia oveni akiwa Chwele.